Waajiriwa, Watoa Huduma na Watu wa Ng'ambo: Mwongozo Kamili kwa Kampuni Yenye Mikataba Mchanganyiko

Kampuni nyingi za ukubwa wa kati jijini Dar es Salaam zina orodha mbili za watu wanaozifanyia kazi, na ni nadra orodha hizo kuwekwa kwenye meza moja. Ya kwanza iko kwa afisa rasilimali watu, nayo ina waajiriwa wanaokatwa NSSF na kodi ya mapato kila mwezi. Ya pili iko kwa mhasibu, imetawanyika ndani ya ankara: msanifu wa michoro anayelipwa kila tarehe 25, waandishi wawili wa programu walioko Nairobi, mtaalamu wa hifadhidata aliyeko Bengaluru, India, na dada wa huduma kwa wateja ambaye "yuko kwa mkataba" tangu mwaka juzi bila mtu kukumbuka ni mkataba gani. Mwongozo huu ni kwa ajili ya yule aliyekabidhiwa kuziunganisha orodha hizo, awe afisa utumishi, meneja au mwenye kampuni mwenyewe. Unafuata sheria za Tanzania Bara, na unavuka mpaka pale ambapo watu wenyewe wako upande wa pili.

Neno moja kwanza. Mkandarasi kwa masikio ya wengi wetu ni mtu wa saruji na nondo, na ofisini watu husema "konsaltanti" hata kwa kijana anayetengeneza mabango. Humu nitasema mtoa huduma, kwa maana ya mtu anayejitegemea na kuuza kazi iliyokamilika. Anayeuza muda wake na utii wake ni mwajiriwa, hata kama karatasi inamwita kwa jina jingine.

Hatua ya kwanza: anzia kwenye malipo

Usianze kwa kufungua kabati la mikataba, kwa sababu mikataba inaonyesha watu waliokumbukwa. Omba taarifa ya benki ya miezi kumi na miwili pamoja na kumbukumbu za malipo ya simu, kisha uandike jina la kila mtu aliyelipwa zaidi ya mara mbili kwa kazi ya mikono au ya akili. Mbele ya kila jina weka mambo machache: anafanya kazi gani, tangu lini, yuko nchi gani, nani humpa maelekezo, anatumia kompyuta ya nani, ana funguo au nywila zipi za kampuni, na karatasi gani imesainiwa.

Kampuni moja niliyoisaidia kazi hii iliniambia ina watu 22. Tulipomaliza kupitia malipo tuliwapata 37. Miongoni mwao alikuwemo msanifu ambaye ankara zake zote kumi na nne zilikuwa na namba, TIN na maelezo mazuri ya kazi. Hata hivyo, kwenye taarifa ya benki mhasibu alikuwa akiandika "MSHAHARA MACHI", "MSHAHARA APRILI", kwa mazoea tu. Kwenye simu ya meneja kulikuwa na ujumbe: "Shikamoo bosi, naomba ruhusa Ijumaa, nampeleka mtoto kliniki," na jibu chini yake: "Marahaba. Ijumaa haiwezekani, chukua Jumatatu." Ujumbe huo na jibu lake vina uzito kuliko kurasa kumi na moja za mkataba uliosema kwamba msanifu huyo anajitegemea, kwa sababu mtu anayejitegemea haombi ruhusa ya kutokuwepo.

Hatua ya pili: mpime kila mtu kwa kifungu cha 61

Hapa ndipo penye uzito wa kazi yote, kwa hiyo usiharakishe. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinasema kwamba mtu anayemfanyia mwingine kazi au kumpa huduma atachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa lipo hata jambo moja kati ya saba. Namna anavyofanya kazi iko chini ya udhibiti au maelekezo ya mwingine. Saa zake za kazi ziko chini ya udhibiti huo. Anapofanyia taasisi kazi, yeye ni sehemu ya taasisi hiyo. Amefanya kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Anamtegemea kiuchumi yule anayemfanyia kazi. Anapewa vifaa vya kazi. Au anamfanyia kazi mtu mmoja pekee.

Jambo moja latosha, na watu wengi husoma kifungu hiki wakidhani lazima yote saba yatimie. Saa 45 kwa mwezi nazo si nyingi: ukizigawa kwa siku 22 za kazi, unapata saa mbili na dakika chache kwa siku. Mtaalamu wa mitandao ya kijamii anayeshughulikia kurasa za kampuni kila asubuhi kabla ya saa nne ameshavuka mstari huo. Dhana hii inaweza kupingwa, lakini mzigo wa kuipinga ni wa kampuni, na utaubeba mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ukiwa na kumbukumbu ulizonazo, zikiwemo zile za WhatsApp.

Wanaodhani hili ni tatizo la kampuni ndogo wautazame mfano wa Microsoft. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni hiyo ilikuwa ikitumia wafanyakazi waliosaini kwamba wanajitegemea, huku wakikaa ofisi moja na waajiriwa na kufanya kazi ileile. Mamlaka ya kodi ya Marekani iliwachunguza na kusema hao ni waajiriwa. Wafanyakazi nao wakafungua kesi mwaka 1992 wakidai mafao waliyonyimwa, na shauri likamalizika kwa makubaliano ya mwaka 2000 ambayo kampuni ilikubali kulipa dola milioni 97. Saini zao kwenye karatasi hazikuiokoa.

Baada ya kupima, gawa majina katika mafungu matatu. Wa fungu la kwanza ni watoa huduma wa kweli: wana wateja wengine, vifaa vyao na ratiba yao. Wa fungu la pili ni waajiriwa waliofichwa. Hao wape mkataba wa ajira, na uhesabu muda wao tangu siku ya kwanza waliyoanza, si tangu siku uliyogundua. Fungu la tatu ni la katikati, ambapo uhusiano unaweza kurekebishwa kwa vitendo: rudisha kompyuta ya kampuni, ondoa saa za kuripoti, lipa kwa kazi iliyokabidhiwa. Ukiona urekebishaji huo utavuruga kazi yenyewe, jua kwamba ulihitaji mwajiriwa, nawe umuhamishie fungu la pili.

Hatua ya tatu: amua kazi ipi iende wapi

Swali la kwanza ni kama kazi ina mwisho. Kujenga tovuti kuna mwisho. Kuiendesha kila siku hakuna. Swali la pili ni nani atabaki na ujuzi. Mtu pekee anayejua jinsi mfumo wa malipo wa kampuni unavyounganishwa na benki hapaswi kuwa mtu anayeweza kuondoka kwa taarifa ya siku saba akiwa hana deni na mtu. Mimi huweka ndani ya ajira kila kazi inayogusa fedha za wateja, siri za biashara, na uamuzi wa nani aajiriwe au afukuzwe, hata kama nje kuna anayeifanya kwa nusu ya bei.

Uzingatie pia kwamba sheria ya ajira ya 2004 inatambua mikataba ya ajira ya aina kadhaa: wa muda usiojulikana, wa muda maalumu kwa makundi yaliyotajwa na sheria, na wa kazi maalumu. Kampuni nyingi hukimbilia mkataba wa huduma wakati mkataba wa ajira wa muda maalumu ungewapa wepesi uleule bila hatari.

Hatua ya nne: piga hesabu yote

Kisingizio cha kawaida ni kwamba mwajiriwa ni ghali. Chukua mwandishi wa programu mwenye mshahara ghafi wa shilingi 2,000,000. Mchango wa NSSF ni asilimia 20, na kwa kawaida mwajiri hulipa nusu, yaani shilingi 200,000. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi huchukua asilimia 0.5, yaani shilingi 10,000. Mwajiri mwenye wafanyakazi kumi au zaidi huongeza tozo ya kuendeleza ujuzi kwa kiwango kilichopo katika Sheria ya Fedha ya mwaka husika. Kuna likizo ya siku 28 yenye malipo, na kuna kiinua mgongo cha siku saba za mshahara kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka kumi, pale ajira inapovunjwa na mwajiri. Ukigawa mshahara kwa siku 26, kiinua mgongo hicho ni kama shilingi 45,000 kwa kila mwezi aliofanya kazi.

Mtoa huduma wa kweli hatakubali 2,000,000, kwa sababu bima, likizo na siku za kukosa kazi anazilipia mwenyewe. Akileta ankara ya 2,500,000, kampuni inazuia asilimia 5 kama kodi ya zuio kwa mkazi, yaani 125,000, na kumkabidhi 2,375,000 pamoja na cheti cha zuio. Fedha iliyozuiwa huwasilishwa TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha. Ukiona mtoa huduma wako amekubali bei ileile ya mwajiriwa, kuna mmoja kati yenu ambaye hajapiga hesabu, na mara nyingi ni yeye. Siku akiipiga ndiyo siku atakayokwenda Tume.

Hatua ya tano: andika mkataba wa huduma unaofanana na kazi

Linganisha vifungu viwili. Cha kwanza nimekikuta mara nyingi: "Mtoa huduma atafanya kazi za usanifu na kazi nyingine zozote atakazopangiwa na meneja, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, na atalipwa shilingi 1,500,000 kila mwisho wa mwezi." Cha pili ndicho kinachotakiwa: "Mtoa huduma atakabidhi michoro kumi na miwili ya kurasa za programu ya simu, katika faili zinazoweza kuhaririwa, ifikapo tarehe 30 Juni, kampuni itakuwa na siku tano za kazi za kukagua, na inaweza kudai marekebisho mara mbili, malipo ya shilingi 1,500,000 yatafanyika kwa awamu tatu: baada ya rasimu, baada ya marekebisho na baada ya makabidhiano." Maneno "kazi nyingine zozote atakazopangiwa" ni ya mwajiri. Ukiyaona katika mkataba wa huduma, yafute kabla hujasoma mstari unaofuata.

Zaidi ya hapo, mkataba uruhusu waziwazi kufanyia kazi wateja wengine, useme vifaa ni vya nani, na ueleze kama anaweza kumtuma mtu mwingine badala yake. Hakimiliki usiiache kwa kudhani kwamba "tumelipa, ni yetu": andika kwamba haki za kazi zinahamia kwa kampuni mara malipo yanapokamilika, na utaje misimbo chanzi, michoro ya awali na nywila. Bei kwa mkazi wa Tanzania iandikwe kwa shilingi, kwa kuwa kanuni za mwaka 2025 zinakataza kutoza na kulipa kwa fedha za kigeni kwa huduma zinazotolewa nchini.

Hatua ya sita: watu walio nje ya nchi

Mtu akiwa nje, sheria ya kazi inayomlinda kwa kawaida ni ya kwake, bila kujali mkataba umeandikwa wapi. Una njia tatu. Unaweza kununua huduma kwake kama anayejitegemea kweli. Unaweza kusajili kampuni katika nchi yake na kumwajiri. Au unaweza kupitia kampuni ya huko inayomwajiri kwa niaba yako na kukutoza ada. Njia ya tatu inapendwa kwa wepesi wake, lakini haikuondoi kwenye picha. Wakagua maudhui ya Facebook waliokuwa Nairobi waliajiriwa na kampuni ya Sama, si Meta, kampuni mama ya Facebook. Hata hivyo Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ya Kenya ilisema mwaka 2023 kwamba Meta inaweza kushtakiwa nchini humo, na mwezi Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa yake. Kwa hiyo kabla ya kusaini na wakala, dai kuona hati za malipo na uthibitisho wa michango. Kwa Kenya utazame makato ya bima ya afya ya SHIF, asilimia 2.75 ya mshahara wa mfanyakazi, na tozo ya nyumba, asilimia 1.5 kwa kila upande. Kwa Uganda utazame NSSF, asilimia 10 ya mwajiri na 5 ya mfanyakazi. Mkenya anayefanya vibarua vya mfululizo naye analindwa na kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007, kinachogeuza kibarua cha muda mrefu kuwa ajira ya kawaida.

Kodi ndipo wengi hujikwaa. Malipo ya huduma kwa asiye mkazi hukatwa asilimia 15, na usipokata, deni linabaki kwako. Ukimwahidi mtaalamu wa Bengaluru dola 1,000 "mkononi", gharama yako halisi ni dola 1,176.47, kwa sababu 1,000 ni asilimia 85 ya kiasi hicho. Jambo hili liandikwe kwenye ofa ya kwanza, maana kulieleza baada ya malipo ya kwanza kufika yakiwa yamepungua huua uaminifu papo hapo. Tanzania ina mikataba ya kuepuka kutoza kodi mara mbili na nchi kadhaa, India, Zambia na Afrika Kusini zikiwemo, hivyo mwombe mtoa huduma cheti cha ukazi wa kikodi na umpelekee mshauri wa kodi. Mwulize pia mshauri huyo kama mtu wako wa nje anasaini mikataba na wateja kwa niaba ya kampuni, kwa kuwa hilo laweza kuifanya kampuni ihesabike kuwa na makao ya biashara katika nchi hiyo na kudaiwa kodi huko.

Mambo mengine mawili husahaulika. Taarifa za wateja zinapofunguliwa na mtu aliyeko nje, zimesafirishwa kuvuka mpaka, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaweka masharti. Mpe mtu huyo nakala zenye majina na namba zilizofichwa kila inapowezekana. Na mwandishi wako wa programu wa Nairobi akija Dar es Salaam wiki tatu "kukaa na timu", suala la kibali cha kazi chini ya sheria ya ajira za wageni ya 2015 limeshafunguka, Jumuiya ya Afrika Mashariki isikudanganye.

Ratiba nayo ipangwe kwa saa halisi. Saa tatu asubuhi ya Dar es Salaam ni saa tano na nusu Bengaluru na saa nane mchana Manila. Kikao cha saa kumi jioni kwetu ni saa tatu usiku Manila, hivyo weka vikao vya pamoja kabla ya adhuhuri na mengine yaandikwe.

Hatua ya saba: maisha ya kila siku

Mameneja hupenda kuuliza kama mtoa huduma anaweza kuja kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka. Aje, ale pilau. Asichopaswa kupata ni cheo kwenye mchoro wa muundo wa kampuni, fomu ya tathmini ya utendaji, na meneja anayemhesabia saa. Maelekezo yapitie kwa mtu mmoja na yahusu matokeo. Kwa upande mwingine, tofauti ya mkataba isigeuke kuwa tofauti ya utu: usalama kazini hauchagui mkataba, na anayekuja ghalani kwako avae kofia ngumu kama wengine. Katika Microsoft vitambulisho vya rangi ya chungwa viliwatofautisha watu wa mawakala na waajiriwa wenye rangi ya bluu. Kutofautisha ruhusa za milango ni sawa. Lakini yule wa chungwa asipojua hata jina la mtu wa kumwambia kwamba mfumo una kasoro, kasoro hiyo utaisikia kwa mteja.

Waajiriwa wenyewe waambiwe mapema kwa nini kazi fulani inakwenda nje na ipi haitakwenda. Wakikuta mtu wa Bengaluru kwenye kundi la mawasiliano bila maelezo, wataanza kuficha wanachokijua, na makabidhiano hayatafanyika.

Hatua ya nane: kuagana

Mwajiriwa anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi isiyopungua siku 28, pamoja na sababu halali na utaratibu wa haki. Mtoa huduma huondoka kwa masharti ya mkataba wake. Aliyeachishwa ana siku 30 za kupeleka mgogoro wa kuachishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na siku 60 kwa madai mengine, kwa hiyo usifute mawasiliano wala kumbukumbu zake.

Wiki mbili kabla ya siku ya mwisho, mtake anayeondoka aandike namna kazi yake inavyofanyika, na mwajiriwa mmoja aifanye mbele yake, kwa video kama yuko mbali, akifuata maandishi hayo bila msaada. Siku ya mwisho fungua tena ile orodha ya hatua ya kwanza kwenye safu ya nywila, na ufunge moja baada ya nyingine: barua pepe, hifadhi ya misimbo, mfumo wa malipo, akaunti ya matangazo, kundi la WhatsApp. Usisahau jina la tovuti. Nimeona kampuni ikilipia upya jina lake lenyewe kwa sababu lilisajiliwa kwa barua pepe binafsi ya msanifu aliyeondoka miaka miwili nyuma.